Babu Anakohoa Alfajiri

6 Aprili

Mume wangu, nisamehe kwa kuchelewa namna hii. Daftari uliniachia mwezi wa kwanza, ukaniambia niandike kila siku ili ukilisoma uone kama vile hukuondoka. Leo ni mwezi wa nne na ukurasa wa kwanza una duara la kikombe na mstari aliouchora mwanao Bosi kwa kalamu aliyoninyang'anya. Sina sababu nzuri. Nina moja tu, ina miezi minane na meno mawili, na hivi sasa imelala kifuani kwangu, ndiyo maana mwandiko umepinda.

Naanza leo kwa kuwa mvua imeanza na Babu ameanza kukohoa. Kwenye simu siwezi kukueleza. Tunapata dakika tano za Jumapili, wewe ukipanda juu ya kifusi hapo kwenye kambi ya kazi kutafuta mtandao, na kaka yako anachukua nne kati ya hizo kukusimulia mambo ambayo hakuyaona.

Ilikuwa hivi. Alfajiri nilipakia kreti za mikate pale kwenye tanuri, nikawasha gari, likawaka vizuri tu. Kwenye mlima wa hospitali likaanza kupiga na kukosa, kupiga na kukosa. Silinda nne, tatu zinafanya kazi na moja inafikiria. Nikikanyaga mafuta linashtuka kama mtu aliyesinzia mkutanoni akaitwa jina, halafu linarudi kulegea. Mafundi wanasema linamisi. Mimi nasema Babu anakohoa, maana marehemu baba yako aliliendesha miaka ishirini, na mwishoni wote wawili walikohoa kwa sauti moja.

Nilifika nimechelewa robo saa. Mama wa Tanuri alikuwa ameshapigiwa simu. Hakupandisha sauti. Alininyooshea vidole vitatu vyenye unga.

"Binti, wagonjwa wanakunywa chai saa kumi na mbili na nusu. Mvua hii nakupa mara tatu. Ya tatu, njia yako nampa yule mwenye pikipiki."

"Na leo imehesabiwa?"

"Leo nimekupa bure. Usizoee."

Unajua maana yake. Siku unaondoka kaka yako alisema mbele ya wote: gari likiwa na kazi libaki, likikosa kazi liuzwe, halina sababu ya kuziba ua. Wewe ukaitikia kwa kichwa. Nilikuona.

8 Aprili

Jua lilitoka juzi mchana na halijaondoka. Nepi zinakauka kwenye kamba kabla ya adhuhuri. Babu mzima kama kijana.

9 Aprili

Mvua siku nzima, ile nyembamba isiyojua kuaga. Kamba haina maana. Tangu mvua zianze, siku kama hizi nina njia yangu: nikirudi jioni injini ikiwa bado ya moto, nafungua boneti, natandaza nepi juu yake, nashusha boneti taratibu ili joto lisitoroke. Asubuhi zinavalika. Leo nepi nane. Mama yako alisimama mlangoni akaniangalia.

"Gari limekuwa jiko?"

"Limekuwa msaidizi, mama. Ndiye pekee niliyenaye."

Akaguna, akaingia ndani. Nisamehe, ni mama yako, lakini tangu uondoke ana kazi mbili tu, kuguna na kunusa.

10 Aprili

Amekohoa kuanzia tanuri hadi hospitali. Nimechelewa dakika ishirini. Mama wa Tanuri amekunja kidole cha kwanza.

Saa sita nikampeleka kwa Profesa. Humjui, amefungua gereji pale kona baada ya wewe kuondoka. Wanamwita Profesa kwa sababu anafundisha badala ya kutengeneza. Anakalia kiti alichokitoa kwenye gari la mteja, na mpaka leo sijui mteja huyo amekaa wapi. Aliwasha Babu, akafumba macho, akainua kidole kama anayesikiliza muziki.

"Mbona anaunguruma vizuri?"

"Anakohoa alfajiri."

"Alfajiri saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Saa kumi na moja mimi nimelala. Mlete saa nne."

"Saa nne hakohoi."

"Basi si mgonjwa." Akafumbua macho. "Anaendesha nani?"

"Mimi."

"Aaa."

Hiyo "aaa" ilikuwa ndefu kuliko mtaa wetu, na watu wawili waliokuwa wamekaa juu ya tairi waliielewa, wakatazamana. Kisha akasema ni plagi. Hakufungua kitu kingine, hakuuliza swali jingine. Akatoa zote nne akaweka mpya. Za zamani alizipangusa vizuri sana, akazitia mfukoni. Nadhani wiki ijayo zitakuwa mpya kwa mtu mwingine.

11 Aprili

Jua. Mzima. Nilipopita gereji Profesa akanipigia kelele kutoka kwenye kiti: "Si nilikwambia ni plagi!"

12 Aprili

Jumapili. Kaka yako dakika nne, mimi moja, na hiyo moja Bosi aliililia yote. Ulisikia kilio ukacheka. Nilitaka kukuambia usicheke.

15 Aprili

Jana mvua kuanzia mchana, nepi saba kwenye injini. Leo asubuhi Babu amekohoa na plagi zake mpya. Nimefika kwa wakati kwa sababu siku hizi naondoka nusu saa mapema. Hiyo nusu saa naitoa kwenye usingizi, ambao hata hivyo ulikuwa jina tu.

Jioni kaka yako akaja kutoa huduma. Alilishika gari kwa bampa la nyuma, akalitikisa, akaweka sikio kwenye tangi.

"Maji," akasema. "Petroli imeingia maji, shemeji."

"Umejuaje?"

"Nasikia yanavyocheza."

Alisikia petroli ikicheza ndani ya tangi la petroli. Nilimwangalia kichwa chake nikajiuliza mimi nikikitikisa nitasikia nini. Sikukitikisa. Nilimkaribisha chai, akanywa vikombe viwili, akaondoka amechoka.

17 Aprili

Mvua ya jana imeng'oa bati la jirani. Mvua kubwa kuliko zote. Sabuni ilikuwa imeisha, nepi zikalala kwenye ndoo na uchafu wake, na Bosi amefungwa vipande vya shuka kuukuu kama majeruhi. Nilikuwa na hakika Babu hatawaka. Akawaka mara moja, akapanda mlima wa hospitali bila kukosa pigo hata moja. Nimeliandika hapa nisije nikaambiwa nimeota. Profesa anasema plagi, kaka yako anasema maji, na siku maji yalipojaa kila mahali, gari likawa zima.

19 Aprili

Jumapili. Mtandao haukupatikana. Kaka yako aliongea na simu iliyokatika kwa muda kabla hajagundua.

22 Aprili

Hii naiandika usiku, Bosi akiwa amelala.

Bosi alianza kuharisha juzi usiku. Mpaka jana jioni nilikuwa nimefua nepi kumi na nane, mvua haikuacha, na zote nikazipanga juu ya injini, tabaka juu ya tabaka, nikafunga boneti. Mama yako akachemsha maji, akatia chumvi na sukari, tukawa tunampa kijiko kwa kijiko. Alfajiri Bosi hakuwa analia tena. Hilo ndilo lililonitisha. Mtoto huyu analia akikosa kijiko cha kuchezea, na sasa alikuwa ananiangalia tu kwa macho makavu kama mtu mzima aliyekwisha kuamua.

Nikasema nampeleka hospitali hiyo hiyo ninayopeleka mikate, njia ni moja. Mama yako akapanda mbele na mtoto mapajani. Nikapita tanuri, nikapakia. Babu alikohoa tangu uani. Kwenye mlima silinda nyingine ikasusa, zikabaki mbili, kisha akazima kabisa. Nikamrudisha nyuma kidogo nikaegesha kwenye jiwe.

Wakasimama wanaume sita. Watano walikuwa washauri. Mmoja akasema nimejaza mafuta, mmoja nimekosa mafuta, mmoja akauliza mume wangu yuko wapi, kana kwamba wewe ni spana. Wa sita hakusema kitu, alikuwa na jembe begani, akaliweka chini akasukuma. Mama yako akatoa kichwa dirishani na kuwaambia wale watano: "Midomo yenu ingekuwa mikono tungekuwa tumeshafika." Sikujua kama ana maneno kama hayo.

Nilimfunga Bosi mgongoni nikapanda mlima kwa miguu, nikamwacha mama yako alinde mikate. Walimpokea haraka. Saa nne akalia, kilio cha kawaida, cha dharau, cha kutaka kijiko. Nililia na mimi, ukutani, ambapo hakuna aliyeniona ila mtu wa kufagia, naye akafagia mahali pengine.

Nikashuka. Babu akawaka mara moja, kana kwamba hakuna lililotokea. Mikate ilifika saa nne na nusu. Mama wa Tanuri aliniuliza kwanza mtoto anaendeleaje. Nikamwambia amelia. Akasema, "Vizuri." Kisha akakunja kidole cha pili. Simlaumu. Kati ya watu wote wa mvua hii ni yeye peke yake anayefanya kile alichosema atafanya.

23 Aprili

Bosi anakula. Mama yako ameninyooshea nepi: "Hii inanuka petroli. Utamfunga mtoto gereji?" Nimemwambia ajaribu yeye kukausha kwa pumzi. Baadaye nikaona aibu kidogo. Kidogo.

24 Aprili

Kaka yako amekuja na mnunuzi wa vyuma chakavu. Mtu huyo hakufungua mlango wala boneti. Alizunguka akipigapiga bodi kwa kifundo cha kidole kama anayechagua tikiti, halafu akapiga tairi teke. Sielewi tairi limemkosea nini.

"Shemeji," kaka yako akaanza, kwa ile sauti yake ya msibani, "gari ni kama mtu. Likizeeka, unaliaga."

"Mtu akizeeka wewe humpimi uzito kwanza."

"Mtoto nusura afe barabarani."

Hilo ni kweli, na yeye alijua ni kweli, na aliliweka mezani kama karata. Akaendelea. Tarehe thelathini, saa nne, gereji kwa Profesa. Profesa atasikiliza injini mbele ya watu. Akisema imekufa, mnunuzi anaondoka nalo hapo hapo. Akisema iko hai, basi, liendelee mpaka kidole cha tatu cha Mama wa Tanuri.

"Na mwenye gari ameambiwa?"

"Tumeongea."

Mliongea lini? Jumapili mtandao haukuwepo. Nimeandika hapo juu.

26 Aprili

Jumapili. Nilisimama karibu na simu tangu saa tatu. Kaka yako akaipokea akatoka nayo nje. Nikamfuata. Akanipa ikiwa imebaki nusu dakika na wewe ukasema, "Msikilize kaka." Sijakujibu. Hili ndilo jibu, kurasa hizi zote.

Kamba ya kuanikia imekatika, nitaifunga fundo kesho. Nepi tisa kwenye injini.

27 Aprili

Angani hakuna wingu hata moja, ardhi kavu, na Babu amekohoa njia nzima. Nimefika dakika mbili kabla. Sasa hata mvua imekosa kosa.

28 Aprili

Leo nataka uisome polepole.

Baada ya kurudi kutoka hospitali nilikaa uani na daftari hili. Nilitaka orodha ya siku zote alizokohoa, nimtupie Profesa usoni tarehe thelathini. Nikaandika ukurasa wa mwisho: tarehe 6, 10, 15, 22, 27. Upande wa pili siku alizokuwa mzima: 8, 11, 17. Nikatafuta mvua, haikulingana. Nikatafuta petroli, nikatafuta mzigo, nikatafuta hata siku niliyokwenda kwa Profesa. Hapana.

Mama yako alikuwa ameketi kwenye mkeka anakunja nepi. Anachukua moja, anaipeleka puani, anaiweka kushoto. Nyingine anainusa, anaiweka kulia.

"Unafanya nini, mama?"

"Hizi zimelala kwenye gari. Hizi zimelala kwenye kamba. Za gari simfungi mjukuu wangu, nitazifua tena."

Nikaangalia fungu la kushoto. Nikaangalia ukurasa. Nikarudi nyuma kusoma, mstari kwa mstari, kwa mwandiko wangu mwenyewe: nepi nane, amekohoa. Nepi saba, amekohoa. Nepi kumi na nane, amezima mlimani. Nepi kwenye ndoo, mvua ya kung'oa mabati, mzima.

Nikaenda kwenye gari. Injini ilikuwa bado ina moto wa asubuhi. Nikalowesha nepi nne, nikazitandaza, nikashusha boneti, nikakaa saa nzima nikimnyonyesha Bosi bila kumwangalia mtu. Nilipofungua, upande wa ndani wa boneti ulikuwa umejaa matone, kama mfuniko wa sufuria ya wali, na yalikuwa yanadondoka juu ya distribyuta, ile inayogawa umeme kwa plagi nne, na nyaya zake. Nikawasha. Babu akakohoa, mchana kweupe, jua kali. Nikachukua nepi kavu nikafuta kila kitu. Akaacha.

Kwa hiyo ni mimi. Nimemdharau Profesa kwa kuwa hakutaka kuamka. Mimi nilikuwa macho, na mikono yangu ndiyo iliyokuwa inashusha boneti taratibu ili joto lisitoroke. Mtoto aliharisha, nikafua zaidi, nikafunika zaidi, na kadiri alivyougua ndivyo nilivyoliua gari la kumpeleka hospitali. Mpumbavu mkubwa wa mvua hii alikuwa anakuandikia wewe, kila siku, kwa kalamu yangu.

Mama yako alikuja akasimama nyuma yangu. Akaangalia matone, akaangalia nepi. Nilingoja agune.

"Gari zima halifi kwa mvuke wa nepi," akasema. "Baba yao alikuwa anavuka mito nalo. Tafuta lilipoumia."

Tukatafuta pamoja. Yeye akashika ile chupa ya kunyunyizia maji ya kupigia pasi, mimi nikashika usukani na mtoto. Ananyunyiza waya wa kwanza kidogo, tunasikiliza. Wa pili, hakohoi. Aliponyunyiza pale waya wa tatu unapoingia kwenye kifuniko cha distribyuta, kile cha plastiki nyeusi, Babu akakohoa kama alivyozoea. Nikakifungua. Ndani kuna ufa mwembamba kama unywele, umeungua na kuwa mweusi, na mpira wa waya wa tatu umepasuka. Kikiwa kikavu, umeme unapita njia yake. Kikilowa, unatorokea kwenye ufa. Ufa huo ni wa zamani. Profesa alikuwa kidole kimoja tu kutoka hapo alipokuwa anapangusa plagi zangu.

Nilikausha vizuri, nikauziba ufa kwa rangi ya kucha, ile iliyobaki ya harusi yetu. Sasa Babu ana doa jekundu moyoni.

Nilifikiria kuuchana ukurasa huu.

30 Aprili

Saa nne kamili tulikuwa gereji. Mimi nikiendesha, mama yako mbele na Bosi, chupa ya pasi mapajani mwake. Jana na leo nepi zimelala ndani ya nyumba, kwenye migongo ya viti na kwenye kitanda chako, na Babu amepanda mlima bila kosa.

Kaka yako alikuwa amevaa shati la Jumapili. Mnunuzi alikuja na mnyororo wa kuvutia gari. Profesa alikuwa kwenye kiti.

"Washa, mama," akasema. Nikawasha. Akafumba macho, akainua kidole. Babu akaunguruma laini. Kidole kikabaki hewani kikikosa la kufanya.

"Hm," akasema Profesa. "Sasa hivi yuko sawa. Lakini ugonjwa huu ni wa ndani. Ni injini yenyewe. Huwezi kuuona saa hizi."

"Unataka kuuona?"

"Haiwezekani saa nne."

"Wewe ndiye uliyeniambia nimlete saa nne."

Nilifungua boneti. Nikazima, nikafungua kifuniko, nikakwangua rangi ya kucha kwa kisu, nikakirudisha na kuwasha tena, nikamwomba mama yako chupa, nikanyunyiza mara mbili pale kwenye waya wa tatu. Babu akaanza: kupiga na kukosa, kupiga na kukosa. Wale waliokaa kwenye tairi wakasimama.

"Umesikia? Imekufa!" kaka yako akasema, na nikaona furaha usoni mwake kabla hajaificha.

Nikazima. Nikatoa nepi kavu begani, nikafuta kifuniko, nikafuta waya, nikarudisha klipu zake mbili. Nikawasha. Laini.

"Imefufuka," akasema mmoja wa kwenye tairi, na mwenzake akacheka mpaka akashika goti.

Nikalowesha tena. Akakohoa. Nikafuta. Akaacha. Mara ya tatu sikuwa na haja, nilifanya tu kwa ajili ya ile "aaa".

Nikampa Profesa kifuniko mkononi. Alikigeuzageuza kwenye jua kwa muda mrefu. "Ndiyo," akasema. "Nilikuwa naelekea huko huko."

"Kwa miguu?" akauliza mama yako.

Mnunuzi alikuwa ameshaanza kukunja mnyororo wake. Kaka yako ndiye aliyebaki ameshikilia mlango, na nitampa haki yake, aliuliza swali la maana, la kwanza tangu uondoke.

"Haya, ufa nimeuona. Na huo unyevu unaoingia humo hata siku za jua, unatoka wapi?"

Nepi ilikuwa mkononi mwangu. Nikaikunja ndogo. Mama yako hakuniangalia. Alikuwa anamfuta Bosi mdomo.

"Ni msimu wa mvua, mwanangu," akamwambia mwanawe. "Hukuiona?"

Akaachia mlango.

Tukarudi. Karibu na nyumbani mama yako akaguna, nami nikasema, "Asante, mama." Akasema, "Tazama barabara."

2 Mei

Dereva wa lori la kambini anaondoka mchana na nitalishona daftari hili ndani ya mfuko wa unga. Asilifungue mtu kabla yako. Kwa kaka yako ni mvua, na itabaki mvua. Kwako ni ukurasa wa tarehe 28, nimeuacha kama ulivyo. Usimcheke mtu kabla hujausoma mara mbili, halafu ukumbuke aliyesema "msikilize kaka".

Rangi ya kucha nimeipaka upya. Haitafika mwisho wa mvua, na Mama wa Tanuri amebakiwa na kidole kimoja. Umesema hapo kambini kuna magari matatu kama Babu yanayooza nyuma ya karakana. Kwa hiyo lori likirudi wiki ijayo nahitaji hivi:

Kifuniko cha distribyuta cha silinda nne, kinachofungwa kwa klipu mbili, si kile cha skrubu. Kitazame ndani kwenye jua. Ukiona mstari mweusi, hata mwembamba, kiache.

Rota yake, ile ndogo inayozunguka chini yake, kutoka gari hilo hilo.

Nyaya za plagi nne na ule mmoja unaotoka kwenye koili. Wa tatu uwe na urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Unaujua.

Kamba ya kuanikia, mita kumi, ya nailoni.

Mabati mawili na misumari yake, ya kuezeka upenu nyuma ya jiko. Mama yako ameshachagua mahali.

Sabuni, miche mitano.

Barua ya mwandiko wako kwa kaka yako, mistari miwili inatosha: gari haliuzwi, na anayeamua ni anayeliendesha.

Na Jumapili, dakika tano. Zote tano.